Utani Pembeni

Januari 8, Jumatatu

Shule imefunguliwa. Mkuu wetu, Mwalimu Xavery, ameagiza kila idara itunge kijitabu cha kufundishia kabla ya mwezi wa tano. Sisi wa Kiingereza tumeangukiwa na semi. "Wewe Adinani una mdomo, andika wewe," akasema, na mimi mjinga nikaona nimesifiwa. Nimenunua daftari la kurasa mia mbili dukani kwa Bachubai. Swaumu, mke wangu, ameligeuzageuza akauliza, "Lile la mwaka jana, la mazoezi ya kupunguza tumbo, liko wapi?" Liko chini ya godoro, kurasa mbili zimeandikwa. Tumbo lipo palepale.

Januari 10

Mvua. Nurdini wa jiografia amekula ndizi yangu akasema ni panya.

Januari 13, Jumamosi

Leo tumemzika Baba Mdogo kule Kwihara, na nimecheka mpaka mbavu zikaniuma. Mgeni asiyezijua desturi zetu angedhani ukoo umeingiwa na wazimu.

Aliyetuchekesha ni Silasi, mwalimu wa hesabu shuleni kwetu, Mgogo wa Kongwa. Mababu zangu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu mabegani kutoka hapa mpaka pwani. Katikati ya njia ipo nchi kavu ya Ugogo, na visima vilikuwa vya Wagogo. Mababu zake Silasi waliziba njia: toa hongo, au ufe kiu wewe na pembe zako. Wakatozana na kutukanana miaka mingi, hadi wakaona bora wawe watani. Basi mimi na Silasi tumerithi. Ananinyang'anya kitu, sikasiriki, namtukana, hanuni. Amenizidi miaka mitatu lakini sijawahi kumpa shikamoo hata siku moja. Mtani hapewi shikamoo, anapewa maneno yake.

Jeneza lilipotoka uani, tulimkuta ametangulia njiani. Amefunga kamba ya katani kutoka mti hadi mti, amejitanda shuka jekundu, ufagio ameushika kama mkuki.

"Msafara simama! Mzigo gani huu?"

"Ni mzee wetu, baba, tupishe," wakamwambia wabebaji.

"Mwongo! Mnyamwezi tangu lini akakaa kimya hivi? Hapa kuna pembe mmeficha. Hongo!"

Wajane waliokuwa wakilia walishika midomo, halafu kicheko kikawatoka. Silasi akanivua kofia yangu ya vitobo, ile ya sikukuu, akaivaa yeye, akafungua kamba. "Piteni. Kiongozi wenu ana kichwa kikubwa ila kofia safi."

Mama yangu, mwenye miaka themanini na minne, alimwita baadaye pale mkekani. Humwita "Mgogo wangu," kana kwamba alimnunua. "Mgogo wangu, siku yangu ikifika usije ukaniacha nikapita bure."

"Wewe mama? Wewe nakufungia kamba tatu."

Mama akalala na furaha kama mtu aliyeahidiwa kwenda Hija.

Januari 22, Jumatatu

Nimeanza kijitabu. Msemo wa kwanza: kumvuta mtu mguu. Nimeujaribu kidato cha pili.

Maana: Waingereza husema umemvuta mtu mguu pale unapomdanganya kwa mzaha, bila nia mbaya, ili mwisho mcheke wote wawili.

Matumizi: Mara nyingi hutumika katika swali. Mtu akianza kushuka moyo au kupanda furaha kupita kiasi, husimama akauliza, "Unanivuta mguu?" Hapo mchezo umefika ukingoni. Anayeulizwa atacheka akiri, au ataapa kwamba ni kweli. Nikawaambia sisi swali hilo tunalo tangu zamani: tunasema "utani pembeni." Mtani wako akikuambia utani pembeni, unaweka chini kila ulichobeba na kusema ukweli. Asiyefanya hivyo si mtani tena.

Kijana mmoja, Godbless, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama nia ilikuwa mbaya au nzuri anaamua nani? Aliyevuta au aliyevutwa?"

Nikamwambia akae. Kengele ilikuwa imekaribia.

Januari 30

Mvua siku ya nne. Barabara ya Chemchem imekuwa mto. Nimeazima buti za Swaumu, zimenibana, nimetembea kama bata.

Februari 6, Jumanne

Silasi ameniweza. Alikiandikia kidato cha tatu ubaoni: "Tumbo la Mwalimu Adinani ni duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 56. Tafuta mzingo." Wamekokotoa wote, tena wamepata, wale wale wasiopata kitu mwaka mzima. Mchana nimepita uwanjani, wasichana wa kidato cha tatu wamepiga goti: "Shikamoo, Mwalimu Mia Tatu Hamsini na Mbili."

Nimecheka sana. Nimecheka hata nilipofika nyumbani, Swaumu akaniuliza mbona nacheka peke yangu kwa sauti hiyo.

Februari 7

Mia Tatu Hamsini na Mbili imefika sokoni.

Februari 12

Mkuu Xavery ameondoka kwenda Nzega, mafunzo ya mwezi mzima. Mimi nakaimu. Nimekalia kiti chake, kinalia.

Februari 19, Jumatatu

Nimepata dawa ya Silasi. Naiandika mapema ili baadaye nikisahau uzee wangu ujue niliwahi kuwa na akili.

Silasi anaomba uhamisho mwaka wa nne huu. Mama yake yuko Kongwa, amepooza upande wa kushoto, analishwa na jirani. Hana mtoto mwingine. Kila akirudi kutoka halmashauri tunamuuliza, "Vipi?" naye anajibu, "Wanasema nisubiri," halafu anaingia darasani kufundisha milinganyo. Basi nimechukua barua yangu ya uhamisho ya zamani, nikaitia kwenye kompyuta, nikabadili jina na kituo: Mwalimu Silasi, kutoka Tabora kwenda Kongwa, mara moja. Muhuri umetoka vizuri kuliko wa kweli. Chini nimesaini "S. M. Hongo, kwa niaba ya Mkurugenzi." Akifika kwenye jina hilo atapiga kelele na kunifukuza kwa ufagio. Itakuwa imechukua dakika tano.

Nimeichapishia kwa Bachubai, rangi. Mama huyu ameuza karatasi Tabora tangu mumewe akiwa hai, hakuna barua inayompita. Akaisoma kwa miwani ya puani.

"Mwalimu, hii ya nani?"

"Ya utani tu, Bachubai."

"Utani." Akaigeuza. "Una muhuri?"

"Bila muhuri hauchekeshi."

Akanipa barua, hakucheka. Nikasema moyoni, hawa watu wa maduka hawana watani, maskini.

Februari 20, Jumanne

Haikuchukua dakika tano.

Nimempa saa nne, wakati wa chai, bahasha mkononi, uso wa kukaimu. Nurdini na walimu wengine wawili nilikuwa nimewadokeza, wamekaa na vikombe vyao, macho kwenye madaftari. Silasi alisoma akiwa amesimama, akasoma tena, akakaa.

"Huyu S. M. Hongo ni nani?"

Nurdini alitoa sauti puani. Hapo ndipo nilipotegemea ufagio. Lakini Silasi hakuwa ananitazama kama anavyonitazama siku zote.

"Mpya," nikasema. "Ameletwa kutoka Nzega."

Akainuka, akaja hadi mezani kwangu, akainama. Akasema polepole, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Adinani. Utani pembeni. Hii barua ni ya kweli?"

Nimejaribu jioni hii yote kukumbuka nilichofikiri. Sikufikiri kitu. Nilimwona Nurdini amebana midomo, mabega yanamruka. Nilisikia kidato cha tatu wakipita nje, mmoja akasema mia tatu hamsini na mbili. Nikasema:

"Ni ya kweli."

Akaketi sakafuni. Mtu mzima, mwalimu wa hesabu, ameketi sakafuni chumba cha walimu akilia kama mtoto, na kupitia kilio chake akisema, "Mama, mama." Nurdini akatoka nje. Nilidhani ameenda kucheka.

Kesho nitamwambia, asubuhi, kabla ya gwaride.

Februari 21

Asubuhi alikuwa ameshampigia simu jirani wa mama yake. Mama alipewa simu, akaimba. Silasi alituimbia wimbo wenyewe, Kigogo chote, anacheza na kikombe cha chai. Haikuwa saa ya kumwambia.

Februari 22

Mvua. Kesho.

Februari 23

Nurdini: "Bosi, utasema lini?"

"Leo."

"Jana ulisema leo."

"Wewe mbona husemi?"

Akaondoka na ndizi yake.

Februari 26, Jumatatu

Ametoa taarifa kwa mwenye nyumba. Kuku sita amempa mlinzi. Kitanda amempa msichana wa jikoni anayeolewa. Mchana amenikokotea baiskeli yake, ile ya kijani yenye kengele mbili, akaiegemeza mlangoni pa ofisi.

"Chukua, mtani. Mababu zangu waliwala sana. Ndiyo nawarudishia, tumemaliza."

Nikasema siwezi kuipokea. Akasema Mnyamwezi aliyekataa kitu cha bure ni mgonjwa, apelekwe hospitali. Wote wakacheka, na mimi nikacheka, nikaipanda kurudi nyumbani. Inateleza vizuri. Nasikia aibu kuandika kwamba njiani nilipiga kengele zote mbili.

Machi 1, Ijumaa

Ameniletea fomu ya kuachiliwa kituo. Kaimu mkuu ndiye anayesaini. Nimesaini.

Machi 4

Msemo wa pili wa kijitabu haujaandikwa.

Machi 8, Ijumaa

Treni ya Dodoma ilikuwa ya leo. Mvua imekula tuta la reli upande wa mashariki, wamesema ni siku mbili, labda nne. Silasi hana tena nyumba wala kitanda. Swaumu amemwambia, "Shemeji, utalala kwetu, hata usiulize." Mizigo yake imejaa sebuleni: masanduku mawili, debe la asali ya Sikonge kwa ajili ya mama yake, na kiti.

Hicho kiti nakieleza. Amekichongesha kwa fundi, kina mikono, na chini kina magurudumu ya baiskeli ya mtoto. Mama yake hajatoka nje ya mlango miaka miwili. "Nitamsukuma hadi kanisani," akasema, akaniomba nikae ili apime kama kinastahimili. "Kikikubeba wewe, kitambeba yeyote."

Nikakaa. Akanisukuma sebule nzima, Swaumu anapiga makofi.

Machi 10, Jumapili

Swaumu ameniuliza nikiwa nakata kuni, mbona nimekosa raha na rafiki yangu kapata anachokitaka. Nikamwambia. Sijui kwa nini nilimwambia yeye na siyo yule anayepaswa. Aliweka ungo chini.

"Mwambie."

"Treni haijaja bado. Nina muda."

"Adinani, yumo ndani anapaka rangi kiti cha mama yake."

"Nikimwambia sasa, atauliza kwa nini sikumwambia siku ile."

"Ataumia."

"Ndiyo nasema."

"Hapana," akasema, "wewe husemi hivyo. Wewe unasema ataacha kukupenda." Akachukua ungo wake. "Mimi simwambii. Sikubebei. Lakini chakula chenu wawili mtajipakulia."

Machi 12, Jumanne

Mfungo wa kwanza. Nimefunga chakula na maji, na mdomo ambao ulipaswa kufunguka nao nikaufunga.

Treni imepita asubuhi hii. Tulibeba mizigo pamoja, mimi nikibeba kiti kichwani, na njiani Silasi akaniimbia nyimbo za wapagazi kunichokoza: mjukuu amerudi kazini, begani bila pembe, kichwani kiti cha Mgogo. Watu wa stesheni walitucheka. Nilisema moyoni, kabla hajapanda. Akapanda. Nikasema, kabla haijapiga honi. Ikapiga. Alitoa kichwa dirishani, na kichwani amevaa kofia yangu ya vitobo.

"Mtani! Yule mama yako asife kabla sijapata likizo! Nina kamba tatu!"

Nikapunga mkono. Behewa la mwisho lilipopita, nikasema kwa sauti, peke yangu, "Silasi, ilikuwa mzaha." Mzee mmoja aliyekuwa anauza karanga akaniitikia, "Eeh, baba?"

Nilirudi kwa baiskeli.

Machi 13

Mvua.

Machi 14

Mvua. Futari ya mihogo. Swaumu anapakua chake.

Machi 18, Jumatatu

Silasi amepiga simu. Niliitazama ikilia hadi ikakata. Mara saba.

Machi 19

Nurdini amepata habari kwa njia yake. Silasi alikaa kwa mama yake siku tatu, akamtoa nje kwa kiti, kijiji kizima kilikuja kutazama. Jirani aliyekuwa akimlisha bibi akaaga, akaenda kwa binti yake Morogoro, maana mwenye mama amekuja. Siku ya nne Silasi akavaa shati jeupe akaenda kuripoti. Wakatafuta jina lake kwenye mfumo, halipo. Wakapiga simu Tabora: hakuna S. M. Hongo. Amelala kituo cha polisi siku mbili.

"Amesema nani alimpa?" nikauliza.

Nurdini akasema, "Hilo ndilo swali lako la kwanza?"

Machi 22

Mkuu Xavery amerudi. Nimemwachia kiti.

Machi 27, Jumatano

Silasi amerudi. Yuko chumba cha uani kule Chemchem, ukuta una ukungu. Alimwambia nini mama yake? Nimesikia kwa mlinzi, ambaye alimrudishia kuku wawili akawakataa: Silasi alimwambia mama kwamba anakwenda Tabora kuchukua mizigo iliyobaki. Sasa mtoto wa jirani wa pili humsogeza bibi mlangoni kila jioni kwa kile kiti, anamsubiri mwanawe na mizigo.

Nimepeleka baiskeli. Alikuwa anafua. Hakusimama.

"Nimekuletea baiskeli yako."

"Nilikupa."

"Silasi, ile barua..."

Akakamua shati, akalikung'uta, akalianika, akachukua lingine. Nilingoja amalize ndoo nzima. Alipomaliza aliingia ndani. Mlango hakuufunga kwa nguvu.

Aprili 4, Alhamisi

Kikao. Mkuu Xavery, afisa mmoja kutoka halmashauri mwenye kikohozi, mimi kama niliyekuwa kaimu, na Silasi kwenye benchi. Nitaandika yote, hata kama mkono hautaki.

Afisa akauliza nani aliyesaini fomu ya kuachiliwa. Nikasema mimi. Akauliza niliitilia shaka barua? Mkuu akanitazama kwa huruma. Ulikuwa mlango umefunguliwa wazi, na nyuma yake kulikuwa na neno moja tu la kusema.

"Niliiamini kama yeye alivyoiamini," nikasema.

Afisa akaandika. "Kwa hiyo na kaimu alidanganywa."

"Na yeye alidanganywa," Mkuu akasema. "Bora hata Mwalimu Adinani anakiri."

Silasi aligeuza shingo, akanitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama anavyotazama hesabu ya mwanafunzi, akitafuta ni mstari wa ngapi ulipokosewa.

"Mwalimu Silasi," afisa akasema, "hii barua ulipewa na nani?"

"Na mtani wangu."

"Jina lake?"

"Mtani hashtakiwi, mheshimiwa. Akichukua kitu chako, amechukua. Ndiyo desturi, hata yeye anaijua."

"Hapa siyo ngomani. Taja jina."

"Nilimuuliza kama ni kweli," Silasi akasema, taratibu, akihesabu kwa vidole. "Nilimwambia utani pembeni. Akasema ni ya kweli. Basi kama alikuwa mtani, sina la kumshtaki. Na kama hakuwa mtani, mimi simjui mtu huyo."

Afisa akakohoa, akaandika: amekataa kutoa ushirikiano. Amesimamishwa kazi mpaka uchunguzi uishe. Maombi yake yote ya uhamisho yamefutwa, ya miaka minne. Na asitoke nje ya manispaa bila kibali.

Kongwa iko nje ya manispaa.

Aprili 5

Nilipita kwa Bachubai kununua wino. Hakuniuliza rangi gani.

"Walikuja watu wa halmashauri," akasema. "Wakauliza kama hapa nachapa barua za namna hiyo. Nimesema sikumbuki. Nina duka, mwalimu, nina wajukuu. Mimi naogopa, najua naogopa nini. Wewe unaogopa nini?"

Nikasema wino mweusi.

Aprili 10, Jumatano

Idi. Swaumu amepika pilau. Nimetafuta kofia ya sikukuu kabla sijakumbuka iko wapi. Nimekwenda kuswali na ya kawaida.

Aprili 15

Mama, Kwihara: "Mgogo wangu mbona haonekani?"

"Yuko kazini, Mama."

"Mwambie naona miguu inavimba. Aandae kamba zake."

Aprili 22

Mara tatu nimeandika barua kwa Mkuu Xavery, ya kweli. Ya kwanza ilikuwa na maelezo mengi. Ya pili ilikuwa na utani kidogo, mkono umezoea. Ya tatu ilikuwa mistari miwili, nzuri kabisa. Imo ndani ya daftari hili, kati ya Machi na Aprili. Nurdini amesema, "Ukipeleka, na mimi nimo," halafu akasema, "Nina watoto," halafu akasema, "Lakini fanya unavyoona." Bado naona.

Aprili 29

Mvua zimepungua. Nimempita Silasi sokoni, anafundisha watoto wa wauza nyanya hesabu kwa vifuniko vya soda. Wamempa nyanya. Nilikuwa juu ya baiskeli yake. Nikashuka nikaikokota hadi kona, halafu nikapanda tena.

Mei 2

Mkuu Xavery ameuliza kijitabu kiko wapi. Kuna msemo mmoja tu ndani yake. Nimekata maneno "bila nia mbaya." Kisha nikakata "ili mwisho mcheke wote wawili." Kilichobaki ni: kumdanganya mtu. Godbless angenipa alama sita kwa kumi.

Mei 6, Jumatatu

Mama amefariki alfajiri. Alikuwa ameshikwa mkono na Swaumu. Neno lake la mwisho linaloeleweka aliuliza kama Mgogo wake ameambiwa. Swaumu akasema ameambiwa. Kisha Swaumu akanitazama mimi, mama mkononi, na sikuweza kukaa chumba kile.

Nimetuma mtu Chemchem kumjulisha. Nimeandika karatasi: Silasi, mama amefariki, mazishi kesho baada ya adhuhuri, Kwihara. Nilitaka kuongeza kitu. Sikuwa na kitu.

Mei 7, Jumanne

Amekuja.

Kwihara si nje ya manispaa, nilihakikisha. Alikuja kwa miguu, shati jeupe, suruali ya kazini, bila shuka jekundu, bila ufagio. Alikaa pembeni ya wanaume, viatu amevipanga vizuri. Wazee walianza kunong'ona, wakangoja. Shangazi yangu mmoja alimwita kwa mbali, "Mgogo! Leo umemeza ulimi?" Akainamisha kichwa kumshukuru kwa salamu.

Jeneza lilipotoka uani nilikuwa mbele kulia. Tulipokaribia ile miti miwili, sisi sote wabebaji tulipunguza mwendo. Hakuna aliyetuambia. Miguu yenyewe ilingoja. Wanawake nyuma walinyamaza, wengine nyuso zimeshaanza kucheka kabla ya kicheko, wanamtafuta kwa macho. Kwenye gome la mti wa kushoto bado kulikuwa na alama, ile kamba ya Januari ilipokuwa imekwaruza.

Hakukuwa na kamba. Njia ilikuwa wazi, pana, imekauka vizuri baada ya mvua. Silasi alikuwa amesimama kando yake, mikono nyuma, ametupisha kama mgeni anavyopisha msiba wa watu asiowajua.

Tulisimama pale na mama mabegani. Mwishowe mmoja wa binamu zangu akasema kwa sauti ndogo, "Twendeni basi, hakuna anayetuzuia."

Mama akapita bure.

Baada ya dua watu walipanga foleni kunipa mkono wa pole. Alisubiri zamu yake. Alipofika mbele yangu alitoa mfukoni kofia yangu ya vitobo, imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa mara mbili, akaniwekea kiganjani. Nikafungua mdomo. Nilitaka tusi. Nilingoja tusi lolote, la tumbo, la kichwa, la mia tatu hamsini na mbili.

Mtu huyu aliyenizidi miaka mitatu akainama kidogo, mkono mmoja kifuani, kama anavyofanya mwanafunzi.

"Shikamoo, mwalimu."

Watu walikuwa wanatazama. Nikaitikia marahaba.